Kompyuta Haikuwa Chini ya Mkwaju

Nimechoka kusikia "tuulize kompyuta."

Mara ya kwanza kuisikia kauli hiyo kwenye mambo ya uigizaji ilikuwa mwaka jana, hapa hapa Malindi, katika kikao cha kikundi chetu kilichovunjika kabla chai haijapoa. Bango la onyesho lilikuwa limetoka. Chini ya jina la mchezo paliandikwa "Umetungwa na", halafu jina moja tu, la mkurugenzi wetu. Sisi wengine kumi na mmoja tuliwekwa pembeni kwa herufi za kuhitaji miwani, chini ya neno "Shukrani". Shukrani! Kama watu waliochanga sukari ya matanga.

Kelele zilipozidi, jamaa mmoja anayesomea mambo ya data akasema hakuna haja ya kugombana. Kuna programu. Unailisha maandishi ya kila mtu, kisha unailisha mchezo wenyewe, inakwambia nani kaandika wapi. Wazungu wameitumia kwa Shakespeare, sembuse sisi. Watu wakapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote, maana skripti ile niliichapa mimi, kwenye laptopu yangu yenye kioo kilichopasuka, usiku baada ya usiku, na nilijua mashine ikiulizwa itanitaja.

Ikanitaja. Ndiyo sababu naandika haya.

Kabla sijaitukana, niitendee haki kwanza. Wazo lenyewe lina akili sana. Linasema hivi: mtu hajulikani kwa maneno yake makubwa, anajulikana kwa vijineno vyake. Wewe unaandika "mtu aliyekuja", mwenzako anaandika "mtu ambaye alikuja". Ukitoa sababu wewe husema "kwa sababu", mwenzako "kwani", wa tatu "maana". Kuna watu wa "halafu" na watu wa "kisha". Kuna watu wa "kwamba" na watu wa "kuwa". Hakuna anayekaa kuchagua, kama vile hakuna anayechagua mguu wa kutanguliza akishuka matatu. Mwizi wa maandishi anaweza kukuibia methali, tashbihi, hata kichekesho chako, lakini vijineno vyako haviibi kwa sababu havioni. Kompyuta inavihesabu vyote, haichoki, na haijui sura ya mtu.

Imefanya kazi kubwa kwa njia hiyo. Mwaka 1964 Wamarekani wawili, Mosteller na Wallace, walitumia hesabu za namna hii kwenye makala za kisiasa ziitwazo The Federalist. Makala ziko 85, na 12 kati yake zilikuwa zikigombaniwa kati ya Hamilton na Madison. Wakahesabu vijineno kama "upon", ambacho Hamilton alikipenda na Madison akikikwepa, wakasema zile 12 ni za Madison. Mwaka 2002 John Burrows wa Australia akatoa kipimo chepesi kiitwacho Delta: unachukua maneno yanayotumika zaidi, unaangalia kila mwandishi anaachana vipi na wastani, kisha unatazama maandishi yasiyo na mwenyewe yako karibu na nani. Mwaka 2013 ilipotoka riwaya ya upelelezi ya "Robert Galbraith", hesabu hizi zilisaidia kumnyooshea kidole J.K. Rowling, na mama akakubali kuwa ni yeye.

Lakini kwenye tamthilia ndiko ngoma ilikonoga. London ya miaka ya 1590 na 1600, watunzi walifanya kazi kama mafundi wa nyumba: huyu msingi, yule kuta, mwingine anaitwa mwishoni kupaua. Mwaka 1850 James Spedding alishatoa hoja kwamba Henry VIII ina mikono miwili, wa Shakespeare na wa John Fletcher. Karne moja baadaye Cyrus Hoy akahesabu namna Fletcher alivyozoea kuandika "ye" pale wenzake walipoandika "you", akaanza kuzigawa tamthilia za zama zile pande pande. Mwaka 2016 toleo jipya la Oxford la kazi za Shakespeare likaliweka jina la Christopher Marlowe kando ya lake kwenye sehemu zote tatu za Henry VI, na hesabu za kompyuta zilikuwa kati ya ushahidi wao. Si wataalamu wote waliokubali, na ubishi haujaisha, lakini jambo kubwa lilishafanyika. Yule mzee tuliyeambiwa shuleni kwamba alikaa peke yake akateremshiwa maneno kama mvua alikuwa na wenzake mezani.

Hilo nalipenda. Nalipenda sana. Ninacholalamikia ni kwamba sisi tumeokota kifuu tukaacha nazi. Wenzetu wametumia kompyuta kugundua kwamba jina moja juu ya jalada lilikuwa uongo. Sisi tunataka kuitumia kulitafuta jina moja.

Sasa nieleze tulichofanya. Tulijifungia wikendi nzima kwa jamaa yule, chumba kimoja Kisumu Ndogo, feni inazungusha joto lile lile. Tukailisha programu makala zangu zote za miaka minne. Mimi nimekuwa nikiandika vibarua tangu niache chuo mwaka wa pili, kwa hiyo maneno yangu yako mengi kuliko pesa zangu. Tukailisha skripti mbili za zamani za mkurugenzi. Tukaongeza posti ndefu ndefu za Facebook za mwigizaji wetu mmoja anayependa kuhutubia. Mwisho tukauleta mchezo wetu, onyesho moja baada ya jingine, mashine ikapima.

Onyesho la kwanza, mimi. La pili, mimi. La tatu, mimi. Mkurugenzi hakupata hata moja. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nikapiga picha ya skrini. Nilikuwa nimeshaanza kuandika maneno ya kuipostia.

Halafu likaja onyesho la tano. Mimi tena, na kwa uhakika kuliko mahali pengine popote.

Hapo mkono ukasita. Onyesho la tano silijui lilivyoingia kichwani mwangu, kwa sababu halikutoka kichwani mwangu.

Mchezo wetu ni wa Mekatilili wa Menza. Najua, kila kikundi cha Kilifi kina Mekatilili wake. Mwaka 1913 Waingereza wanataka kodi na vijana wa Kigiriama wakafanye kazi. Yeye anazunguka vijijini na ngoma ya kifudu akiwakusanya watu wakatae. Anakamatwa, anapelekwa mbali mpaka Kisii, anatoroka, anarudi kwa miguu. Mwaka 1914 Kaya Fungo inalipuliwa kwa baruti. Na katikati ya yote hayo kuna kisa ambacho kila mtoto wa huku amesimuliwa: Mekatilili anamwambia Arthur Champion, ofisa wa Kiingereza, ajaribu kumchukua kifaranga mbele ya mama yake. Anajaribu, kuku anamdonoa. Basi, anamwambia, ndivyo itakavyokuwa ukigusa wana wetu.

Sisi tulikicheza kisa hicho kama wanavyokicheza wote. Mekatilili anasimama, anamkazia macho Mzungu, anatoa hotuba. Nilikuwa nimeiandika hotuba hiyo mwenyewe na nikaiona tamu.

Mazoezi tulifanyia chini ya mkwaju, njia ya kwenda Mayungu. Hapo alikuwa akipita mama karanga mmoja, anayenunua samaki bandarini, anawakaanga na kuwauza. Mwanzoni alikuja kutuuzia. Baadaye akawa anakaa. Baadaye tena akapewa sehemu ya mwanamke kijijini, ya mistari miwili. Siku hiyo akatuangalia tukihutubiana, akatikisa kichwa, akasema kwa Kigiriama maneno ambayo kwa Kiswahili ni kama: nyinyi hamjafuga. Kuku hamwelezi mwewe kitu. Hana wakati naye.

Akaweka ndoo chini, akachutama, akatandaza leso yake kama bawa. Akampa Mzungu mgongo. Kisha akaanza kuwaita vifaranga, mmoja mmoja, kwa majina ya watu. Majina ya vijana wa kijijini, wale ambao wangechukuliwa. Kila akiita jina anavuta kitu kisichoonekana chini ya leso. Aliyekuwa anacheza Champion alisimama pale na fimbo yake asijue afanye nini, kwa sababu hakuna aliyekuwa akimtazama. Sikumbuki kama kuna mtu aliyepumua.

Usiku ule nikaenda kulichapa. Nikalitoa kwenye Kigiriama nikalitia kwenye Kiswahili, nikaweka "halafu" zangu, nikaweka "maana" zangu. Tulipolionyesha Kakoneni, kina mama wa mbele walianza kuitikia majina, wakiongeza ya watoto wao. Hapakuwa na skripti tena.

Ndilo onyesho hilo mashine ililonipa mimi. Na ilinipa kwa haki yake. Kila "ya" na kila "kwa" mle ndani ni yangu.

Hapa ndipo ninapogombana na wanaosema "tuulize kompyuta." Mashine hizi hazijibu swali la nani alitunga. Zinajibu swali jingine dogo: kati ya watu ulioniletea maandishi yao, haya yamekaribiana na ya nani? Soma tena hapo: ulioniletea maandishi yao. Mama karanga hana makala. Hana posti. Ana daftari la madeni la kurasa za namba. Kumlinganisha hakuwezekani, kwa hiyo kumpata hakuwezekani, hata mashine iwe ya bei gani. Anayeweza kutangazwa kuwa mwandishi ni yule ambaye tayari alikuwa mwandishi. Aliye nacho anaongezewa, na kwa kuwa ni namba zilizosema, anaongezewa bila aibu.

Usidhani tatizo hili ni la huku kwetu peke yetu. Hata kwa Shakespeare, wanaogawana Henry VI ni watunzi ambao kazi zao zilichapwa zikabaki. Tamthilia nyingi za zama zile zimepotea na watunzi wake. Waigizaji waliobadilisha mstari jukwaani na mstari ukabaki hivyo, nani atawapima? Tena kulikuwa na wanakili waliokuwa wakiziandika upya hati kwa mkono, na baadhi yao wakibadilisha vijineno kwa mazoea yao, vile vile ambavyo leo vinahesabiwa kama alama ya mtunzi. Wataalamu makini wanalijua hilo na huenda polepole. Wanaokimbia ni mashabiki.

Nitatoa mfano wa nyumbani ambao kila mtu anaujua. Mwaka 1963 Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Chukua kitabu chochote kati ya hivyo uhesabu vijineno. Kila "na", kila "lakini", kila "ambaye" imepita kwenye kalamu ya Mwalimu. Kijineno cha Shakespeare hakimo hata kimoja. Yeye hakujua Kiswahili. Je, kuna mtu mwenye akili timamu atakayesema basi Mwalimu ndiye aliyemtunga Brutus? Hesabu ingetuambia mkono ulioandika. Kisa kilikotoka isingetuambia kamwe.

Mimi kwenye onyesho la tano nilikuwa Nyerere, na mama karanga alikuwa Shakespeare. Tofauti ni kwamba Mwalimu aliliandika jina la mwenzake. Mimi sikuliandika.

Ndiyo, mimi. Nilikuwa nikimwita mkurugenzi mwizi kila kona ya mji, na ukiifungua skripti niliyokuwa nikiitetea, juu ya onyesho la tano hakuna jina la mama yule. Sikuwahi kufikiria kuliweka. Ilibidi mashine inisifu kwa kitu nisichokifanya ndipo nione aibu.

Na mkurugenzi je? Mashine ilimpa sifuri. Huo nao ni uongo. Yeye ndiye aliyesema tusianze na maneno, tuanze na kifudu, ngoma ya msiba, ipigwe mpaka watu wanyamaze wenyewe, ndipo mtu wa kwanza afungue mdomo. Nilibishana naye siku tatu. Alikuwa sahihi. Zile dakika sita ndizo zinazoubeba mchezo mzima, na hazina neno hata moja la kuhesabu. Kwenye skripti ni mstari mmoja, nilioandika mimi: "Ngoma." Kwa hiyo hata huyo niliyetaka aumbuliwe, kompyuta ilimdhulumu. Hakustahili bango lote, lakini sifuri hakustahili pia.

Kuna na suala la lugha yenyewe. Vipimo hivi vilizaliwa kwenye Kiingereza, lugha ambayo vijineno vyake vimesimama peke yake peke yake, unavihesabu kama shanga. Kiswahili kinavimeza. Chukua "nilimpigia": mle ndani mna mimi, mna wakati uliopita, mna yeye, mna kupiga, mna na kumfanyia mtu jambo, vyote kwenye neno moja. Ukihesabu maneno mazima kama programu yetu ilivyofanya, nusu ya tabia za mwandishi zimekupita. Lazima ulivunje neno kwanza. Watu wa Chuo Kikuu cha Helsinki, wakiongozwa na Arvi Hurskainen, walijenga zana za kulivunja na hazina kubwa ya matini ya Kiswahili, na nawaheshimu kwa hilo. Lakini hazina ya namna hiyo hujengwa kwa kilichoandikwa, magazeti na vitabu, na hicho kwa sehemu kubwa ni Kiswahili Sanifu. Sasa mlete mzee wa Shela asemaye "yuwaja", mlete kijana wa Mtwapa anayechanganya Kiswahili na Sheng, mlete mama anayefikiri kwa Kigiriama. Kisha mpe mhariri wa Nairobi awanyooshe wote wawe "anakuja". Baada ya hapo unampima nani? Unampima mhariri.

Na kuna ubishi mkubwa zaidi kuliko hesabu. Mwaka 1977 kule Kamirithu, Limuru, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii waliandika Ngaahika Ndeenda. Jaladani majina ni mawili. Lakini Ngũgĩ wa Thiong'o mwenyewe, katika Decolonising the Mind, alieleza jinsi wanakijiji walivyoingia kwenye skripti ile: wazee wakakosoa namna wahusika wazee wanavyosema, watu wakaleta nyimbo, wafanyakazi wakaleta maisha yao ya kiwandani. Mazoezi yalikuwa ya wazi, kila apitaye ana neno. Ukumbi wa wazi wa watu kama 2,000 waliujenga wenyewe. Novemba mwaka huo maonyesho yakapigwa marufuku. Mwisho wa Desemba akachukuliwa Ngũgĩ wa Thiong'o, akakaa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufunguliwa mashtaka. Lakini serikali iliporudi mwaka 1982, iliubomoa ukumbi wa kijiji kizima. Walijua vizuri mchezo ule ulikuwa wa nani. Hawakuhitaji Delta.

Wakati mwingine hatuhitaji hata kufika huko. The Trial of Dedan Kimathi ya mwaka 1976 ina majina mawili jaladani, Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Githae Mugo. Sikiliza watu wanavyoitaja: "ile ya Ngũgĩ." Micere anaachwa njiani kila siku na watu waliosoma. Tatizo hilo halitaki programu, linataka mtu asome jalada. Dar es Salaam mwaka 1982, Amandina Lihamba, Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa Harakati za Ukombozi, majina matatu ya wanawake, na hawakumwachia mtu nafasi ya kuuliza nani alishika kalamu. Kikundi cha Paukwa kilitoa Ayubu kwa jina la kikundi. Kumbe inawezekana. Kumbe ilishafanyika kabla sisi hatujazaliwa.

Hata sheria imetutangulia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaielewa kazi ya pamoja kuwa ile iliyotokana na ushirikiano wa watu wawili au zaidi, ambapo mchango wa mmoja hauwezi kutenganishwa na wa mwenzake. Hauwezi kutenganishwa! Sheria inasema nyuzi zikishasukwa mkeka, ni mkeka. Sisi tunakuja na mashine tukisema hebu tuufumue tuone ukindu upi ni wa nani. Ukimaliza kuufumua, utalalia nini?

Najua jibu mtakalonipa, kwa sababu nimelisikia kwa marafiki wenye njaa kama yangu. Mnasema: wewe una anasa ya kufalsafia. Mwandishi mdogo asiye na digrii, asiye na wakili, anaibiwa kazi kila siku na wakubwa wenye mashirika na barua zenye mihuri. Kompyuta haiogopi mkubwa. Ndiyo silaha pekee tuliyo nayo, na wewe unataka tuitupe?

Sitaki muitupe. Mtu akichukua hadithi yako ya maneno elfu tano akaiweka jina lake, na wewe una maandishi yako mengine na yeye ana yake, ipime. Hapo mashine ni shahidi mzuri kuliko binamu yako. Nasema isiitwe kwenye kazi ambayo haikuandikwa na mtu mmoja mmoja, ilisemwa na watu wengi, kisha ikachapwa na mmoja. Na huku Pwani karibu michezo yetu yote ni ya namna hiyo: ya shule, ya vikundi vya vijana, ya mashirika yanayotaka igizo la malaria kufikia Ijumaa. Kwenye kazi hizo mashine itamvika taji mchapaji kila mara. Na mchapaji ni nani? Ni mwenye laptopu. Ni aliyesoma shule kidogo kuliko wenzake wote. Ni mimi. Tutakuwa tumemtoa mkurugenzi kwenye kiti, tukamkalisha karani.

Kwa hiyo acheni kuja na kompyuta mwishoni kama polisi. Kazi ifanywe mwanzoni, na haitaki programu. Ukurasa wa kwanza wa skripti uandikwe majina ya wote waliokuwepo, siku ya kwanza, kabla hakujawa na pesa ya kugombania. Simu iwekwe chini ya mti irekodi mazoezi, kwa sababu sheria yetu inakubali kazi iliyorekodiwa sawa na iliyoandikwa, na sauti ya mama karanga ikiita vifaranga ni ushahidi kuliko skripti yangu. Pembeni ya onyesho paandikwe lilitoka kwa nani: hili la fulani, tafsiri ya fulani, ngoma ni wazo la fulani. Na bango likitoka na jina moja, lirudi kwa mchapishaji. Kama nafasi haitoshi, itolewe picha ya mfadhili.

Mwezi uliopita nilikwenda Mayungu na skripti mpya. Nimeandika jina lake juu ya onyesho la tano, na jina langu chini yake kama mfasiri. Nilimkuta kwenye karai, mafuta yanachemka. Nikamsomea pale alipoandikwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi, nadhani yangu.

Akageuza samaki. Akasema, "Mwanangu, jina langu mimi nalijua. Ile pesa ya onyesho la Watamu, niliambiwa ni nauli. Ilikuwa nauli?"

Haikuwa nauli. Hoteli ililipa, mkurugenzi akakata fungu la mtunzi, na mimi kwa kelele zangu nikakatiwa langu kama mwandishi. Yeye alipewa shilingi 300 na soda.

Nilirudi siku ya tatu na nusu ya fungu langu kwenye bahasha. Akazihesabu mbele yangu, noti moja moja, kwa sauti, kisha akaniuliza ile nusu ya mkurugenzi inakuja lini. Nimempelekea mkurugenzi swali hilo kwa maandishi. Hajajibu. Makala hii ikitoka, nitamtumia na yenyewe.